Mayai ya Kuku wa Nyumbani: Jinsi ya Kuyatunza Yasiwe Viza na Kuyachemsha Yamenyeke

Umeokota mayai kiotani jana jioni. Leo asubuhi umeyachemsha kwa ajili ya chai, dakika 10 kamili, na sasa unamenya. Ganda linang'ang'ania. Kila kipande unachobandua kinaondoka na ute, na ukimaliza una yai lenye mashimo ambalo huwezi kumtengea mgeni.

Au ni hivi: umeshachanganya siagi, sukari na mayai manne ya keki. Unapasua la tano moja kwa moja kwenye bakuli, kumbe ni viza. Harufu inajaa jikoni na kazi yote imekwenda na maji.

Hayo mawili ndiyo ninayoulizwa kila mara, na wanaouliza si wazembe. Wanafanya vile walivyoona kwa mama zao. Tatizo ni kwamba yai linapikwa bila mpishi kujua lina siku ngapi na limepitia joto gani. Ukiyajua hayo mawili, utajua pia yai lipi la kukaanga, lipi la kuchemsha na lipi la kutupa.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye kuku wachache uani, au anayenunua mayai ya kienyeji kwa jirani. Kama unanunua trei dukani, anzia hatua ya 3.

## Vitu vya kuandaa

- Penseli ya kawaida. Usitumie kalamu ya wino wala maka peni, kwa sababu ganda lina maelfu ya vitundu na wino unaweza kupenya.
- Trei ya karatasi, safi na kavu. Trei yenye madoa ya kinyesi au ya yai lililopasuka itupe.
- Kitambaa kikavu.
- Bakuli lenye kina kwa ajili ya kupimia mayai kwenye maji.
- Tochi ya simu, na kile kiboksi cha duara kinachobaki karatasi ya chooni ikiisha.
- Sufuria yenye mfuniko, pana kiasi cha mayai kukaa safu moja.
- Kijiko kikubwa au upawa wa matundu.
- Beseni la maji baridi, na barafu kama ipo.
- Kikombe kidogo cha kupasulia mayai.
- Saa. Ya simu inatosha, lakini iwepo kweli. Kukisia ndiko kunakoharibu mayai mengi.

Kama huna friji, ongeza mafuta ya alizeti kidogo, kiasi cha vijiko viwili vya chai kwa trei nzima.

## Hatua ya 1: Okota mayai mara mbili kwa siku

Kuku wengi hutaga kati ya asubuhi na mchana. Pita kiotani saa 5 asubuhi, kisha pita tena saa 10 jioni.

Sababu ni jogoo. Mayai ya kuku wa kisasa wanaofugwa bila jogoo hayana mbegu, kwa hiyo hata yakikaa kwenye joto hayawezi kuanza kifaranga. Mayai ya kienyeji karibu yote yana mbegu. Yai lenye mbegu likikaa kwenye joto linalozidi nyuzi 27 hivi za Selsiasi, kile kidoa cheupe juu ya kiini kinaweza kuanza kukua taratibu. Dar es Salaam au Tanga, Desemba hadi Machi, joto la mchana hupita hapo kila siku. Yai hilo likikaliwa na kuku anayeatamia, mambo huenda mbio zaidi: ndani ya siku 3 au 4 utaona mishipa ya damu ukilimulika.

Hii ndiyo siri ya yule jirani anayelalamika kwamba mayai ya kienyeji "hayakai". Yai lilianza kukua, likakosa joto la kutosha, mbegu ikafa, nalo likaoza. Lililoharibika hapo ni utunzaji tu. Mayai yenyewe hayakuwa na kasoro.

Wengi wetu huacha yai moja kiotani ili kuku asihame. Ni desturi nzuri, ila yai hilo liandike msalaba mkubwa kwa penseli na lisiliwe kamwe. Afadhali zaidi kuweka jiwe jeupe la mviringo. Kuku halitofautishi, nawe hutapata siku moja yai la wiki tatu katikati ya mayai ya leo.

Tahadhari: kama kuku wako wamepewa dawa, soma kwenye pakiti ni siku ngapi mayai yao hayafai kuliwa. Siku hizo zihesabu kikweli, hata kama inauma kuyatupa.

Utajua umefaulu: unapookota, mayai ni makavu na hayana joto la kuku aliyeyalalia kutwa.

## Hatua ya 2: Usiyaoshe

Najua inakwenda kinyume na usafi tuliofundishwa. Lakini yai linapotoka kwa kuku huwa limepakwa utando mwembamba unaokauka juu ya ganda na kuziba vile vitundu. Ukiliosha, umeuondoa utando huo na kuwafungulia bakteria mlango.

Maji ya baridi ni mabaya zaidi. Yai lenye joto likiingia kwenye maji ya baridi, vilivyomo ndani husinyaa kidogo na kuvuta maji machafu ya nje kupitia vitundu. Yaani uchafu uliokuwa juu ya ganda umeuingiza ndani kwa mkono wako.

Fanya hivi: yai lenye vumbi au unyasi, lifute kwa kitambaa kikavu. Lenye kinyesi kilichoganda, likwangue taratibu kwa kitambaa kikavu kigumu. Likiwa limechafuka sana, lioshe kwa maji ya uvuguvugu yenye joto kuliko yai lenyewe, likaushe, kisha lipike siku hiyohiyo. Lisirudi kwenye trei.

Yenye ufa nayo yatoe. Kama ufa umeonekana leo na utando wa ndani haujachanika, lipike leo na liive kabisa. Kama linavuja, tupa.

Ukiona kila siku mayai machafu, tatizo liko kiotani. Badilisha nyasi au maranda kila wiki na uweke kiota mahali palipoinuka kidogo.

## Hatua ya 3: Andika tarehe

Kama hutafuata kitu kingine chochote katika mwongozo huu, fuata hiki. Chukua penseli, andika tarehe kwenye upande mpana wa kila yai: 4/6, 5/6, basi. Inachukua sekunde tatu.

Yai ulilolinunua hujui lilitagwa lini, na mara nyingi muuzaji naye hajui. Andika tarehe ya kununua na uizungushie duara. Duara litakukumbusha kwamba yai hilo ni la zamani kuliko linavyosema.

## Hatua ya 4: Lipange ncha chini

Yai lina upande mwembamba na upande mpana. Ndani ya upande mpana kuna kifuko cha hewa. Weka ncha nyembamba chini na upande mpana juu.

Ukiligeuza, hewa itataka kupanda, itasukuma ute na kukisogeza kiini kwenye ganda. Likikaa wima sawasawa kiini hubaki katikati, na hilo utaliona siku utakapochemsha na kukata yai katikati kwa ajili ya kupamba wali.

## Hatua ya 5: Chagua mahali pa kuyaweka

### Kama una friji

Weka trei kwenye rafu ya ndani, siyo mlangoni. Ule mlango wenye vitundu vya mayai ni mahali pabaya, kwa sababu kila mtoto akifungua kuchukua maji, mayai yanapata joto na kutikisika. Kwenye nyuzi 4 hivi, mayai mazima hukaa wiki 3 hadi 5.

Yafunike au yaache ndani ya boksi lake. Ganda lenye vitundu hunyonya harufu, na yai lililokaa wiki moja kando ya dagaa au kitunguu kilichokatwa utalionja mdomoni.

Sheria moja ya friji haina msamaha: yai likishaingia, likae humo mpaka siku ya kupikwa. Ukilitoa kwenye baridi na kuliacha mezani, litatoka jasho, na unyevu huo juu ya ganda ndio bakteria wanaoupenda. Umeme ukikatika, usifungue friji ovyo. Ukikatika kwa saa nyingi na mayai yakatoka jasho, yapike siku hiyohiyo yaive kabisa.

### Kama huna friji

Usiyaweke juu ya kabati la jikoni, ambako joto la jiko hupanda. Tafuta pembe ya chini, karibu na sakafu, ukutani upande usiopigwa na jua la mchana, penye hewa inayopita. Yafunike kwa kapu au ungo ili panya wasiyafikie.

Kwangu mimi kikomo ni siku 7 katika miezi ya joto na siku 14 kati ya Juni na Agosti. Wapo wanaokaa nayo zaidi na hawajaugua, lakini siwezi kukuelekeza huko.

Ukitaka kuongeza siku, yapake mafuta. Chukua mayai makavu, safi, yaliyotagwa ndani ya saa 24. Chovya vidole kwenye mafuta ya alizeti na ulipake kila yai wepesi, pande zote, mpaka ling'ae bila kudondosha. Mafuta yanaziba vitundu, maji ya ndani hayakauki haraka na ute haulegei upesi. Yaache yakauke kidogo kabla ya kuyarudisha kwenye trei. Kumbuka tu kwamba yai lililopakwa mafuta hubaki "jipya" kwa muda mrefu, na yai jipya halimenyeki. Hayo yapange kwa ajili ya kukaanga.

Walioko Dodoma, Singida au Shinyanga wana njia nyingine nzuri. Chukua chungu kikubwa na kidogo, weka kidogo ndani ya kikubwa, jaza mchanga katikati yao na uumwagie maji asubuhi na jioni. Weka mayai kwenye chungu cha ndani, funika kwa kitambaa kibichi, uweke kivulini penye upepo. Maji yanapokauka kupitia udongo yanaondoka na joto. Hakikisha mayai yenyewe hayalowi. Pwani njia hii haisaidii sana, kwa sababu hewa yetu tayari imejaa unyevu na maji hayakauki haraka.

## Hatua ya 6: Lipime kabla ya kulipika

Vipimo ni vitatu, na kila kimoja kinajibu swali lake.

Tochi. Usiku, zima taa. Weka kiboksi cha karatasi ya chooni juu ya tochi ya simu, uweke upande mpana wa yai juu ya tundu. Yai zima litang'aa kama taa ya rangi ya chungwa, na utaona kivuli cha kiini kikielea na kifuko cha hewa juu yake. Ukiona nyuzinyuzi nyekundu zinazotawanyika kama mizizi kutoka doa moja, yai limeshaanza kukua, litoe. Ukiona giza tupu linalosogea kama maji unapoligeuza, ni viza. Lishike taratibu na ukalifukie mbali na nyumba, maana mayai viza huweza kupasuka kwa gesi iliyojaa ndani.

Maji. Litumbukize yai kwenye bakuli la maji. Maji ya ndani ya yai hukauka kidogo kidogo kupitia ganda, na kifuko cha hewa hukua kadiri siku zinavyokwenda. Likilala chini ubavu, ni jipya. Likisimama kwa ncha yake, limekaa, lakini bado lafaa kuchemshwa. Likielea, usilile. Lililopimwa hivi lipike hapohapo, kwa sababu limeshalowa. Na yai lililopakwa mafuta hudanganya kipimo hiki, kwani maji yake hayakukauka. Hilo lisomee tarehe.

Kikombe. Kila yai la kukaanga au la keki lipasue kwanza kwenye kikombe kidogo, moja moja, kisha ulimimine bakulini. Pua yako itakuambia. Kuna watu wanaoona hatua hii ni kupoteza muda mpaka siku ya lile yai la tano.

Mambo mawili hutishia watu bure. Ute wenye ukungu mweupe ni dalili kwamba yai ni jipya kabisa. Na kidoa kimoja cha damu kwenye kiini ni kimshipa kilichopasuka yai lilipokuwa linatengenezwa. Kiondoe kwa ncha ya kijiko, yai linalika.

Tahadhari: hakuna kipimo hata kimoja kati ya hivi kinachoonyesha salmonela. Yai lenye bakteria huyo linaweza kulala chini ya maji vizuri, liwe na harufu safi, kisha likulaze na homa, kuhara na tumbo la kukata. Kinga ni moto: kiini na ute vigande. Kwa mtoto mdogo, mjamzito, mzee na mgonjwa, hili halina mjadala. Wale wanaomeza mayai mabichi kwa ajili ya nguvu au sauti wanajihatarisha, tena wanapunjika, kwa sababu mwili hupata protini nyingi zaidi kwenye yai lililopikwa.

## Hatua ya 7: Chemsha kwa maji yaliyokwisha kuchemka

Kwenye arusi ya mdogo wangu nilikabidhiwa mayai ya mchuzi. Nilitaka kumpa vitu vizuri, nikachukua mayai 60 ya banda letu wenyewe, mengi ya siku ileile na ya jana yake. Niliyachemsha alfajiri, tukakaa watu wanne kumenya. Zaidi ya nusu yalitoka yamechunika, mengine kiini kiko nje kabisa. Dada mmoja alikuwa akiyageuza upande wenye shimo chini ili yasionekane kwenye sinia. Nilihisi vibaya sana siku ile, na ndiyo iliyonifanya nitafute sababu.

Sababu ni hii. Yai jipya lina hewa ukaa nyingi ndani ya ute. Hewa hiyo huufanya ute uushike kwa nguvu utando ulio chini ya ganda. Siku zinavyopita hewa inatoka kupitia vitundu, ute unabadilika, na mshiko unalegea. Kwa hiyo mayai ya kuchemsha yachague yenye siku 7 hadi 10 kwenye friji, au siku 4 hadi 5 nje. Ya leo na ya jana yaache kwa ajili ya kikaango.

Kosa la pili nililofanya ni kuyaanzisha kwenye maji ya baridi. Yai linapopata joto polepole, ute wake unaganda huku ukijibandika kwenye utando. Likiingia ghafla kwenye maji ya moto, ute wa nje unaganda kabla haujapata nafasi ya kushika.

Sasa fuata hivi:

1. Kama mayai yalikuwa kwenye friji, yatoe dakika 15 kabla, ili yasipasuke kwa mshtuko.
2. Chemsha maji ya kutosha kuyafunika mayai na kuzidi kwa urefu wa kidole kimoja. Subiri yachemke kwelikweli.
3. Shusha yai moja moja kwa kijiko mpaka chini ya sufuria. Usiyadondoshe.
4. Anza kuhesabu dakika, funika, na upunguze moto. Kwenye gesi ni rahisi. Kwenye jiko la mkaa, toa vipande viwili vitatu vya mkaa au funika mkaa kwa majivu. Maji yakichemka kwa fujo, mayai yanagongana na kupasuka.
5. Yai la kienyeji ni dogo: dakika 9 hadi 10 kiini kigande. Yai kubwa la kisasa: dakika 11 hadi 12.

Dakika hizo ni za Dar, Mombasa, Tanga, Zanzibar. Kadiri unavyopanda juu, maji huchemka kwa joto dogo zaidi. Arusha huchemka karibu nyuzi 95, Mbeya na Nairobi karibu nyuzi 94. Ongeza dakika 1 hadi 2. Nimewahi kuulizwa na msomaji wa Njombe kwa nini mayai yake hubaki na kiini kibichi akifuata dakika zangu, na hiyo ndiyo ilikuwa sababu.

Chumvi na siki havisaidii yai kumenyeka. Vinasaidia jambo jingine: yai likipasuka ndani ya maji, ute unaovuja huganda haraka na kuziba ufa. Kama mayai yako yana ganda jepesi, tia kijiko cha chumvi kwa sababu hiyo.

Ukitaka kubana gesi, weka maji kidogo tu chini ya sufuria, panga mayai juu ya chujio la mvuke, funika vizuri na uyape dakika 12 tangu mvuke uanze kutoka. Yanamenyeka vilevile, pengine hata zaidi.

## Hatua ya 8: Yapoze kabla ya kuyamenya

Toa mayai na uyatie kwenye beseni la maji baridi mara moja. Maji ya bomba ya pwani mchana ni ya vuguvugu, kwa hiyo yabadilishe mara mbili au tia barafu. Yaache dakika 10.

Kuna sababu mbili. Yai likipoa husinyaa kidogo na kuachana na ganda. Na joto linalobaki ndani huendelea kupika: likizidi, madini ya chuma yaliyo kwenye kiini hukutana na salfa ya kwenye ute, ndipo unaona ile duara ya kijani iliyofifia kuzunguka kiini. Haina madhara, lakini inaonyesha yai limepita muda wake, na ladha yake huwa nzito.

Kumenya: gonga upande mpana kwanza, penye kifuko cha hewa. Livingirishe juu ya meza kwa kiganja mpaka ganda lote lifanye nyufa ndogondogo. Lizamishe kwenye maji, ingiza kidole gumba chini ya utando, siyo chini ya ganda tu, na uusukume. Maji yataingia katikati na kukusaidia. Ukiupata utando, ganda litatoka kwa vipande vikubwa viwili vitatu vilivyoshikana.

Utajua umefaulu: yai ni laini kote kama kokoto ya mtoni. Ukilikata, kiini ni cha manjano mpaka ukingoni, kimeganda, na kiko katikati.

## Hatua ya 9: Ya leo yakaange

Yai jipya likimwagwa kwenye kikaango husimama, kiini kimeinuka na ute mzito umekizunguka. La siku nyingi husambaa kama maji. Kwa yai la kukaanga bila kuvuruga, tumia moto mdogo, mafuta kidogo, na ufunike dakika 2 hadi 3 ili mvuke ugandishe juu bila kuunguza chini.

Kwa kimanda, kosa ninaloliona mara nyingi ni kumimina kitunguu, nyanya na hoho mbichi ndani ya mayai. Nyanya hutoa maji, katikati inabaki chepechepe huku ukingo umeshaungua. Kaanga mboga kwanza mpaka maji yakauke, kisha mimina mayai matatu yaliyopigwa na chumvi, punguza moto, funika. Geuza juu ikishakuwa haitiririki.

## Hatua ya 10: Mabaki na maganda

Yai lililochemshwa huharibika haraka kuliko bichi, kwa sababu ule utando wa juu umeshaondoka kwenye maji. Lisikae nje zaidi ya saa 2, na mchana wa joto kali saa 1. Kwenye friji, likiwa na ganda lake, lile ndani ya siku 7. Ute mbichi uliobaki unakaa siku 4 kwenye kibakuli kilichofunikwa. Kiini kibichi ni siku 2, kikiwa kimefunikwa na maji kidogo kisikauke.

Maganda usiyatupe. Yana chokaa ambayo kuku wako wanaihitaji kutengenezea mayai mengine. Yaanike juani mpaka yakauke kabisa, yapitishe kidogo kwenye kikaango kikavu ili moto uue vijidudu, kisha uyatwange kwenye kinu yawe kama mchanga. Usiwape yakiwa vipande vikubwa vyenye umbo la yai, maana kuku akishajua kwamba kilicho kiotani kinalika, ataanza kuyadonoa mwenyewe. Changanya kidogo kwenye chakula au yaweke pembeni kwenye kifuu, kila kuku atachukua anachohitaji. Baada ya wiki chache gusa ganda la mayai mapya: likiwa gumu na haliachi ufa unapolipanga kwenye trei, kiasi unachowapa kinatosha.